Kitalu Nyumba cha Mombasa Hakihitaji Kuta za Nailoni

Swali la kwanza analoulizwa mtu anayejenga kitalu nyumba Mombasa ni swali la haki: joto tulilonalo halitoshi, mpaka tuliongeze? Shangazi yangu aliniuliza hivyo amesimama kwenye mlango wa uwanja wetu Kisauni, akitazama matao yakisimamishwa. Nikamwambia, "Shangazi, hiki si cha kutia joto. Ni cha kuzuia mvua na jua kali." Akayazunguka matao taratibu, kisha akasema, "Basi mwanangu, usikizibe."

Ushauri huo una uzito kuliko maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu vitalu hivi, kwa sababu karibu yote yameandikwa na watu wanaopambana na baridi. Nailoni yenyewe iliingia kwenye kilimo kwa njia hiyo. Mwaka 1948, Emery Emmert, profesa wa Chuo Kikuu cha Kentucky huko Marekani, alitaka kitalu nyumba lakini vioo vilikuwa ghali, akatengeneza fremu ya mbao na kuifunika kwa selofani. Ndicho kitalu nyumba cha kwanza cha plastiki kinachojulikana, na baadaye matao yaliyovikwa nailoni yakaenea duniani kote. Kule kazi yake ni kuliteka joto la mchana na kulilinda lisipotee, ili mboga ianze mapema na idumu hata baridi ikiingia.

Hata hapa Kenya zile seti za vitalu zinazouzwa tayari, za mita 8 kwa 15, zina maana sehemu za juu. Usiku wa Julai kule Limuru joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na tungule, yaani nyanya, ikipata kuta za nailoni hushukuru. Ichukue seti hiyo hiyo uishushe Mombasa, ambako mchana wa Februari na Machi hufika nyuzi 32 au 33 na usiku hubaki karibu na 24. Ukifunga pande zote, hewa ya ndani huweza kupanda nyuzi 10 na zaidi juu ya ile ya nje. Hakuna mboga ya kawaida inayotaka kuishi humo.

Tungule ndiyo inayoonyesha madhara haya waziwazi. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku ukakataa kushuka chini ya 21 hadi 24, chavua yake hudhoofika. Ua hufunguka, hukauka, hudondoka. Mmea wenyewe unaendelea kurefuka na majani yake ni ya kijani kinachopendeza, kwa hiyo mwenye bustani hudhani umekosa mbolea. Anaongeza samadi au yurea, nayo nitrojeni inaleta majani mengine, bado maua yanaanguka. Nimeona bustani za namna hii Bamburi na Mtwapa, zimegharimu pesa nyingi na zimetunzwa kwa bidii, na wenyewe wamekata tamaa wakiamini Pwani haioti tungule. Inaota. Ila ihesabiwe miezi, na kitalu kijengwe kwa hali ya hewa ya hapa.

Kwa Mombasa, kitalu cha matao ni mwavuli mkubwa wenye neti kiunoni. Juu, nailoni ya kuzuia mvua. Kuanzia mabegani hadi chini, pande zote nne, neti ya wadudu tu. Hicho ndicho ninachokipigia debe.

Changu ni kidogo, upana mita 3 na urefu mita 6, na kwa chakula cha nyumba moja kinatosha. Vipimo hivyo vimetokana na paipu. Paipu za plastiki na za chuma madukani kwetu huuzwa kwa urefu wa mita 6. Ukiipinda paipu nzima juu ya upana wa mita 3, kilele chake kinapata zaidi ya mita 2 kidogo, bila kukata wala kuunga. Matao sita yaliyoachana mita 1.2 yanakupa urefu wa mita 6 kamili. Ila mimi siyaweki matao moja kwa moja ardhini. Yanakaa juu ya nguzo fupi za mita 1, ili kilele kifike mita 3 na zaidi. Hewa moto hupanda. Ikipata nafasi kubwa juu ya mimea, majani hayapati shida, na upepo unaopita ubavuni huifagia. Kitalu kifupi cha matao ni tanuri hata kikiwa na neti.

Kabla ya nguzo, mahali. Watu wengi huanza kwa kuuliza jua linatoka wapi, jambo ambalo nchi za kaskazini ni kubwa kwelikweli. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Juni huinamia kaskazini, Desemba kusini. Kwa hiyo mwelekeo wa jua haubadilishi mengi, labda uwe umepakana na ghorofa inayokuzibia nusu ya siku. Kinachobadilisha mambo ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba, na Juni na Julai huwa na nguvu. Kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi, ule msimu wa joto ambapo kila pumzi ya hewa ni ya thamani. Basi kitalu changu nimekilaza kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki. Kusi hukikuta kwa kichwa, upande mwembamba, halipati pa kukisukuma. Kaskazi huingia ubavuni, upande mrefu, ikapita kwenye mimea yote na kutokea ng'ambo. Kipindi cha tangambili, upepo unapokufa kabisa kati ya misimu miwili, hapo hakuna mwelekeo unaosaidia. Msaada pekee ni kivuli.

Na usijenge chini ya mnazi. Nazi moja ikianguka kutoka juu hutoboa nailoni na kuvunja tao, na kuti kavu likishuka kwa upepo huipasua kutoka mwanzo hadi mwisho. Kunguru ni jambo jingine: wakishaona tungule imeiva hutafuta upenyo kwenye neti bila kuchoka. Kwa walio karibu na vichaka vya Nyali, Shanzu na Bamburi, kuna tumbili, ambaye neti ya kawaida haimzuii kabisa. Chini pazungushwe waya wa kuku.

Nguzo zetu ni za mvinje. Mti huu unalimwa Kilifi na Kwale hasa kwa ajili ya nguzo za kujengea, umenyooka, na bei yake hailingani hata kidogo na chuma. Adui wake ni mchwa. Kuna desturi ya kupaka oili chafu ya gari kwenye mashina ya nguzo. Naiogopa kwenye bustani ya chakula, kwa sababu hicho kinachomkimbiza mchwa kinabaki kwenye udongo tunaooteshea mchicha. Sisi tunazichoma ncha moto mpaka ziwe nyeusi, kisha tunazisimika kwenye zege lililoinuka kidogo juu ya ardhi. Kuchimba mashimo ndiyo kazi ya siku nzima. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mombasa ni jiwe la matumbawe chini ya mchanga mdogo, na bila mtaimbo na kijana mwenye mabega hufiki popote. Lakini faida yake ni kwamba nguzo ikishakaa kwenye jiwe, kusi haling'oi.

Fundi aliyenisaidia alianza na uzi na vigingi vinne, akapima pembe kwa pembe. Kwa mita 3 kwa 6, mshazari ni mita 6.71; mishazari miwili ikitofautiana, kitalu kimepinda, na nailoni haitakaa bila mikunjo. Mkunjo hutuama maji, maji huvuta nailoni chini, na mvua moja ya Mei inamaliza kazi.

Kuhusu paipu za matao, kila moja ina ugomvi wake na bahari. Chuma kilichopakwa zinki ni imara, lakini hewa yetu ya chumvi hukishambulia palipokatwa na palipochomelewa, kwa hiyo maungio yote yapakwe rangi ya kuzuia kutu, tena na tena. Plastiki haishiki kutu ila hudhoofishwa na jua, na ina ubaya mwingine usiosemwa dukani: paipu ya PVC ikipata moto huiharibu nailoni inayoigusa, ukaona imechanika kwa mistari palepale kwenye matao. Dawa ni kuipaka paipu rangi nyeupe ya maji au kuizungushia kitambaa kabla ya kufunika. Rangi nyeupe pia huifanya isipate moto sana. Mimi nimechagua plastiki nyeupe juu ya nguzo za mvinje, na paipu moja ndefu ya mgongo inayofunga vilele vyote sita kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo hushika na kulegea kwa kiasi. Waya mtupu hula paipu.

Uzito wa mimea usiutundike kwenye matao ya plastiki. Tungule zikizaa, mistari miwili yake ni mzigo wa kilo nyingi. Simika miti ya mvinje peke yake ndani, mmoja kila mwisho wa tuta, vuta waya juu, na kamba za mimea zifungwe hapo.

Nailoni inunuliwe ile iliyotiwa kinga ya jua, unene wa maikroni 200. Nailoni ya ujenzi ni rahisi lakini kwa jua la hapa hugeuka majani makavu ndani ya miezi michache. Ifunike asubuhi kabla upepo haujaamka, uiache ipate joto la jua kidogo, ndipo uikaze, maana nailoni ya baridi ikikazwa hulegea mchana. Kingo zake zishikwe kwa mbao nyembamba mbili zinazobana, ziwe za kufunguka bila kubomoa. Hili la kufunguka nitalirudia hapa chini kwa sababu ndilo linaloamua kama udongo wako utadumu.

Neti ina hesabu yake. Nzi weupe ni wadogo chini ya milimita 1 na hueneza virusi vinavyokunja majani ya tungule, kwa hiyo watu hununua neti ya matundu madogo kuliko zote. Neti hiyo huzuia wadudu na huzuia hewa vilevile. Njia ya kutoka ni kuongeza eneo lake: neti ikiwa ukuta mzima pande zote nne, hewa inayopita kwa shida kwenye kila tundu inakuwa nyingi kwa jumla. Neti ile ile ikitiwa kama dirisha dogo kwenye ukuta wa nailoni haisaidii lolote. Ndiyo maana nasisitiza kuta zote ziwe neti, kuanzia begani hadi kwenye udongo, na sehemu ya chini ifukiwe.

Kuna mdudu mwingine ambaye pekee anatosha kuhalalisha neti: nondo mdogo Tuta absoluta, aliyetoka Amerika Kusini na kuonekana Kenya mwaka 2014. Wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Kiwavi chake hutoboa ndani ya jani na tunda, ambako dawa haimfikii, na amekwisha kuzoea dawa nyingi. Neti na mlango wa mapazia mawili humzuia vizuri zaidi ya chupa yoyote. Ndani weka mtego wa harufu ya jike juu ya karai la maji yenye sabuni. Madume huzama humo, na ukiona wameongezeka ghafla ujue neti imetoboka mahali.

Sasa udongo, na hapa naomba mpunguze kuamini ushauri wa bara. Bara wana udongo mwekundu wenye tindikali, wanaambiwa watie chokaa. Sisi tumesimama juu ya chokaa yenyewe. Mchanga wa matumbawe una alkali, chuma kilichomo hakipatikani kwa mmea, na jani changa hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiongeza chokaa unazidisha ugonjwa. Kinachotakiwa ni mboji, mboji, na mboji tena. Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti kwenye machimbo matupu ya saruji ya Bamburi, mahali palipobaki jiwe tu. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu ndizo zilizostahimili, na mvinje ni mmojawapo. Miiba yake mikavu ilianguka ikarundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo kuila na kuigeuza udongo. Leo pale ni msitu, na watoto wa shule hupelekwa kutazama twiga. Ikiwa jiwe tupu lilipata udongo kwa majani makavu na jongoo, tuta la mita 6 uani linawezekana kabisa.

Matuta yangu ni mawili, kila moja upana mita 1.1, na njia ya sentimita 60 kati yake. Yameinuliwa sentimita 30 kwa mawe yale yale yaliyotoka kwenye mashimo. Ndani ni samadi ya mbuzi iliyokaa hadi ikapoa, majani, na udongo kidogo. Juu nafunika makumbi ya nazi ili unyevu usipotee. Makumbi ya pwani mara nyingi yamelowekwa maji ya bahari, kwa hiyo yaoshwe kwa maji matamu mara kadhaa kabla hayajaingia bustanini.

Chumvi ndiyo hatari ya kimya ya kitalu chochote cha hapa. Visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvichumvi. Bustani ya wazi huoshwa na mvua kila mwaka. Kitalu kilichofunikwa hakioshwi kamwe. Unamwagilia, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, msimu baada ya msimu, mpaka kingo za majani zinaungua na mwenyewe anadhani ni ukame. Hapo ndipo nailoni ya kufunguka inapolipa. Masika yakianza, mwishoni mwa Machi au Aprili, matuta yakiwa matupu, nailoni iliyovuliwa wakati wa kiangazi hairudishwi kwanza, na mvua inaachiwa iingie wiki kadhaa. Inaosha chumvi hadi chini ya mizizi. Kisha nailoni inarudi juu kabla miche haijahamishwa.

Mvua ya mwezi wa Mei peke yake huweza kupita milimita 200. Juu ya mita za mraba 18 hiyo ni zaidi ya lita 3,600, na paipu ya inchi 4 iliyopasuliwa kati na kufungwa begani pande zote mbili hupeleka maji hayo tangini. Kitalu hiki hutaka lita 60 hadi 80 kwa siku wakati wa kiangazi, yaani mitungi mitatu au minne ya lita 20. Tangi la lita 1,000 basi ni la wiki mbili hivi. Halikuvushi hadi mvua nyingine. Maji yake matamu mimi nayatumia kwa miche, na kuyachanganya na ya kisima kwa mimea mikubwa. Yote yapite kwenye mipira ya matone. Kumwagia juu ya majani, kwenye unyevu wa hewa wa Mombasa, ni kualika ukungu.

Kwa hesabu ya miezi, miche ya tungule huoteshwa Aprili chini ya kipande cha nailoni, huhamishiwa kitaluni Mei wakati bustani za nje zimejaa maji na majani yanaoza, na hutoa maua Juni hadi Agosti. Hiyo ndiyo miezi yetu ya baridi: mchana nyuzi 27 au 28, usiku hushuka hadi 21 au 22. Chavua inapona. Kila asubuhi tikisa kamba za mimea kidogo, kwa sababu ndani ya neti hakuna upepo wa kutosha wa kudondosha chavua. Kuvuna huanzia Julai, na kwa mtu aliyezoea tungule zilizosafiri kutoka Taveta au Tanzania hadi soko la Kongowea, zikichumwa mbichi ili zistahimili lori, ile ya kuchumwa imeiva na kukatiwa kachumbari saa hiyo hiyo ni chakula kingine kabisa. Wakati wa vuli hupanda hoho, dania na sukuma wiki.

Desemba hadi Machi nailoni haina kazi. Mvua ni chache na jua ni kali, kwa hiyo naivua, naikunja na kuiweka ndani, na matao yanavikwa neti ya kivuli ya asilimia 40 hadi 50. Chini yake mchicha, kunde za majani, mnavu na matembele huendelea vizuri. Tungule siigusi miezi hiyo. Kuivua nailoni kunairefushia maisha pia, kwa kuwa inaepuka jua baya zaidi la mwaka.

Ugonjwa unaonitia wasiwasi kuliko wote ni mnyauko wa bakteria, unaopenda udongo wa joto na unyevu kama wetu. Mmea hunyauka mchana ungali kijani, na baada ya siku chache umekufa. Kata shina, litundike kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio huo. Ng'oa mmea na udongo wake, usiutie kwenye mboji. Tuta hilo lisipandwe tungule, biringani, hoho, mnavu wala viazi mviringo kwa muda mrefu, maana zote ni ukoo mmoja. Bara Asia wakulima huipandikiza tungule juu ya shina la biringani linalostahimili bakteria hao, kazi inayohitaji wembe safi, kivuli na subira ya wiki moja. Kwa bustani ndogo isiyo na pa kuhamishia mazao, naona hiyo ndiyo njia tunayopaswa kujifunza Pwani, na ningependa kuona vijana wenye vitalu vya miche Mtwapa na Likoni wakiuza miche ya namna hiyo.

Nailoni ikichakaa, baada ya miaka mitatu hivi, isichomwe uani. Vipande vizima hufunikia rundo la mboji, na vilivyobaki vipelekwe kwa wanaokusanya plastiki. Vipande vidogo vilivyopukutika viokotwe vyote kabla kusi halijaviingiza kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu huishia baharini.